Mama Haika na Tanzia ya Mzee Kessler

Gaudensia Mlay hajawahi kukanyaga Marekani hata kwa mguu mmoja, lakini muulize nani alimwoa nani katika mji wa Tolliver Creek, jimbo la Nebraska, atakutajia mpaka waliosimamia harusi. Muulize jirani yake wa mlango wa pili pale Thornton Heath anaitwa nani, atakuna kichwa. Miaka kumi na miwili sasa anapanda treni saa tano asubuhi hadi London Bridge, anabadilisha, anashukia Stratford, anapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu, anakaa mbele ya kompyuta na kutengeneza gazeti la mji ambao hajawahi kuuona.

Najua unashangaa, kwa hiyo ngoja nikuweke sawa. Kampuni moja ya hapa London iliyanunua magazeti madogo ya miji ya Marekani, ishirini na sita jumla, miji yenye makanisa matatu, shule moja na ghala la mahindi. Ilipoyanunua ilisema imekuja kuyaokoa. Kisha ikafunga ofisi zake moja baada ya nyingine, ikawaaga wahariri kwa keki, ikabakiza majina tu juu ya ukurasa wa kwanza. Kazi yote ikaletwa Stratford. Mtu wa Tolliver Creek akiipigia simu ofisi ya gazeti lake, namba ile ile aliyoipiga babu yake, simu inalia mezani kwa Gaudensia, au Mama Haika kama wenzake wanavyomwita.

Hasira yake ilianzia hapo, zamani kabla ya haya ninayotaka kukusimulia. Wafanyakazi waliagizwa wasiseme kwamba wako Marekani, maana huo ni uongo, ila wasiseme pia kwamba hawako. Kila mmoja akawekewa kwenye kompyuta kidirisha cha hali ya hewa ya mji wake. Mzee wa huko akiuliza, "Theluji imewafikia hapo ofisini?" Gaudensia anakitupia jicho kidirisha, anajibu, "Inchi nne tangu asubuhi." Nje, jua la Aprili au mvua ya Novemba ya Stratford, haimhusu mtu.

"Inchi nne," alikuwa akimwambia Rasik akishaweka simu chini. "Mimi mtoto wa Kilema, theluji nimezoea kuiona juu kabisa ya mlima, leo ndiyo naipima kwa inchi. Mungu anatuona, Rasik bhai."

"Mungu anaona, meneja anasikia," Rasik alikuwa akimjibu. "Punguza sauti, mama."

Rasik ndiye mpanga kurasa. Mhindi wa Moshi, baba yake alikuwa na duka la vitambaa si mbali na soko, na Kiswahili chake bado kina vumbi la mji ule. Amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu, na mwaka huo na nusu anaubeba kama mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye ngazi.

Aliyemfundisha Gaudensia kazi alikuwa Dorothy, mhariri wa mwisho aliyekuwa akiishi Tolliver Creek yenyewe. Alimfundisha kwa simu, miezi minane, kabla kampuni haijamuaga na yeye kwa keki. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Vifo kwanza. Mpira, mikutano ya halmashauri, mahindi, hivyo vyote vitafuata. Watu wanalinunua gazeti wajue nani amekufa na mazishi ni lini."

Gaudensia hakuhitaji kufundishwa hilo mara mbili. Amekulia nyumba ambayo matangazo ya vifo yakianza redioni, kijiko kinasimama katikati ya chungu. Fulani wa Kilema anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi. Habari ziwafikie fulani wa Tanga, fulani wa Mwanza, na fulani popote alipo. Msomaji anashuka na majina taratibu, na ninyi mnasikiliza kama watahiniwa wanaongoja matokeo, kwa sababu jina lolote linaweza kuwa lenu.

Basi akaipeleka desturi hiyo Nebraska bila kumwomba mtu ruhusa. Kila tanzia iliyofika mezani kwake, aliipigia simu familia, akawasomea neno kwa neno, kisha akauliza, "Na habari hizi zimfikie nani?" Wamarekani mwanzoni walimwomba arudie. Swali hilo hawakuwa nalo. Halafu walianza kutaja: dada aliyehamia Oregon, rafiki wa jeshini, mwalimu wa kwaya, mke wa kwanza ambaye, kusema kweli, alikuwa mtu mwema. Tanzia za Tolliver Creek zikawa ndefu kuliko za magazeti mengine yote ya kampuni, na watu wa miji ya jirani wakaanza kuuliza kwa nini maiti zao zinaandikwa kifupi.

Mwaka huu, Januari, Valentine akalikata hilo.

Valentine ni meneja, kijana wa Nairobi, miaka thelathini na minne, mpole, ana viatu vyeupe ambavyo havijawahi kuona tope. Akawakusanya akawaonyesha fomu mpya. Mfiwa anaijaza mwenyewe kwenye mtandao, kompyuta inaandika tanzia, tanzia inaingia ukurasani. Hakuna kupiga simu.

"Auntie Gaude, hii kitu ni rahisi," alisema. "Mtu anajaza, inatoka. Wewe unapumzika."

"Na nani anawauliza?"

"Fomu inauliza."

"Fomu inawauliza habari zimfikie nani?"

Valentine alitabasamu, maana hakuelewa. "Kuna box ya warithi. Wanajaza kama wanataka."

Sasa sikiliza. Jumanne moja ya mwezi Machi ikaingia tanzia ya Delbert Kessler, miaka themanini na mmoja, aliyeendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja. Fomu imejazwa na mpwa wake. Kompyuta imetoa sentensi tatu, kavu kama mkate wa juzi. Sentensi ya tatu ilisema hakuacha mtoto.

Gaudensia aliisoma, akarudi juu, akaisoma tena. Mzee Kessler alikuwa na mtoto. Lorna. Picha yake Gaudensia mwenyewe aliiweka ukurasani, mwaka wake wa pili kazini: msichana amevaa kofia ya mahafali, amesimama kwenye mlango wa basi la njano, na baba yake ameshika usukani kama anayeogopa picha itaondoka na basi.

Hapo alikosea, nami sitamtetea pasipo na utetezi. Angeweza kwenda kwa Valentine. Angeweza kumwandikia mpwa. Lakini kwao, kumtaja mtoto kwenye kifo cha baba yake si jambo la kuombea ruhusa. Mtoto aliyegombana na baba juu ya kihamba, shamba la ukoo, anatajwa. Mtoto aliyetoroka na kubadili dini anatajwa. Ugomvi unaweza kuendelea baada ya mazishi, na mara nyingi unaendelea, lakini jina linasomwa. Akadhani mpwa amesahau, majonzi yana mambo yake. Akafuta sentensi ya tatu, akaandika: Ameacha binti, Lorna. Ukurasa ukaenda. Alhamisi gazeti likatoka.

Jumatatu iliyofuata simu ililia, na mpwa hakuwa amesahau kitu.

Mpwa alipiga kelele mpaka Rasik akazisikia kutoka meza ya tatu. Lorna na baba yake walikuwa hawasemezani mwaka wa tisa. Mzee mwenyewe alikuwa akisema hana binti. Familia ilikubaliana asiambiwe. Na kwa sababu ya mstari ule mmoja wa gazeti, mwanamke wa posta akampigia simu Lorna huko Oregon, Lorna akapanda ndege, Jumamosi akaingia kanisani ibada imeshaanza, akapita katikati, akakaa benchi la mbele. Mpwa alitaka gazeti lijirekebishe hadharani. Akampata Valentine, na Valentine akamwambia ndiyo.

Akamwita Gaudensia kwenye chumba chake cha kioo. Juu ya meza kulikuwa na barua ya onyo la mwisho, imeshapigwa chapa, jina lake limeandikwa kwa usahihi, jambo la nadra.

"Auntie, sikiza, mimi sikukasirikii," Valentine alisema. "Uweke sahihi hapa, halafu uandike masahihisho. Mistari miwili tu. Wiki iliyopita tuliandika kimakosa kwamba marehemu ameacha binti. Tunaomba radhi kwa familia."

"Kimakosa."

"Ndiyo."

"Binti alikuwa kanisani, Valentine. Benchi la mbele. Watu wote wamemwona kwa macho yao, na mimi niwaandikie kwamba hayupo?"

"Si kwamba hayupo. Ni lugha tu. Familia ndio wametuma, familia ndio wateja."

"Na yeye si familia?"

Valentine alifungua mikono yake kama mtu anayeonyesha hajaficha kitu. "Hakujaza fomu."

Hasira ina aina nyingi. Iko ile inayopiga meza, na iko ile inayomfanya mtu akae wima na kuongea kwa heshima. Gaudensia alikaa wima.

Mwaka elfu mbili na moja, alipokuwa amepanga chumba Peckham, nyuma ya saluni, baba yake alifariki Kilema. Wiki ile ile alikuwa amehama chumba, namba imebadilika, kadi ya simu imekwisha. Nyumbani walifanya kama ipasavyo. Wakatangaza redioni. Habari zimfikie Gaudensia wa Uingereza. Redio ile ilifika Singida, ilifika Kigoma, haikufika Peckham. Wiki tatu baadaye alipiga simu ya salamu, mdogo wake akapokea, akasema, "Dada, tulikutangaza." Mpaka leo haya maneno mawili yanamuuma na kumpoza kwa wakati mmoja. Alikosa mazishi, lakini hakukosa kutajwa.

Hayo hakumwambia Valentine. Mtu hamwonyeshi meneja kaburi la baba yake ili apate kuhurumiwa. Alisema tu, "Baba yako yu hai?"

"Eh? Ndiyo. Yuko Kitengela."

"Siku akiondoka, Mungu amweke, binamu yako ajaze fomu kwamba hakuacha mtoto. Mimi niandike 'kimakosa'. Utaniletea chai ya kunishukuru?"

"Auntie, usinipeleke huko."

"Nimekupeleka nyumbani kwenu. Hii barua nitaweka sahihi, nilibadilisha bila ruhusa, ni kosa langu. Masahihisho siandiki. Andika mwenyewe."

Akaweka sahihi. Valentine akaandika mwenyewe, mistari miwili, kwa dakika moja.

Rasik alikuwa akingoja kwenye mashine ya chai na vikombe viwili. "Onyo la mwisho?"

"La mwisho."

"Kwa ajili ya mtu ambaye hata kijiji chake hukijui. Mama Haika, Mchaga gani wewe, unajigombanisha bila faida? Wenzako wangekuwa wameshauza lile basi."

Gaudensia alicheka bila kutaka, kisha hasira ikarudi ikakaa mahali pake. "Wanataka kumfuta, Rasik bhai. Gazeti la kwao. Limemzaa, limemwonyesha amehitimu, sasa limkane."

"Kuna la kufanya?"

"Hakujaza fomu," akasema taratibu, kama anayeonja kitu.

Jumanne, kabla ya zamu, alisimama nje ya kituo cha Stratford, watu wakimpita kushoto na kulia na mifuko yao ya maduka, akapiga simu Oregon kwa simu yake mwenyewe. Kule ilikuwa alfajiri, bado giza. Namba aliipata kwa mwanamke wa posta, ambaye aliitoa kabla hajamaliza kuombwa.

Lorna Kessler aliongea kama mtu aliyelala na nguo. Hakujitetea. Mama yake alipougua, baba alikataa kumpeleka hospitali ya mjini mpaka ikawa imechelewa, na siku ya mazishi ya mama Lorna alimwambia baba yake maneno ambayo hayakuwa na pa kurudia. "Tulifanana," alisema. "Kila mmoja alingoja mwenzake apige simu kwanza."

Gaudensia akamwambia kuhusu masahihisho, kwa sababu aliona ni laana mtu kujisomea gazetini kwamba amefutwa.

Kisha Lorna akauliza, "Wanaruhusiwa kufanya hivyo?"

"Yeyote mwenye fomu anaruhusiwa. Ndio utaratibu. Hakuna anayempigia mtu simu, hakuna anayehakiki."

"Na wewe unanipigia kutoka wapi? Namba hii siijui."

Miaka kumi na miwili ya kidirisha cha hali ya hewa ilimtosha. "London," akasema. "Gazeti lenu linatengenezwa London, Uingereza. Tangu ofisi yenu ilipofungwa."

Lorna alitoa sauti ambayo si kicheko. "Baba alikuwa akiandika barua kwa mhariri. Kila mwezi. Kuhusu mashimo ya barabara ya kusini. Alikuwa akiamini mhariri anapita barabara ile ile."

"Nilizichapa zote," Gaudensia alisema. "Barabara ya kusini ninaijua shimo kwa shimo. Nisamehe."

"Wewe nikusamehe nini? Waliofanya hivi wako wapi?"

"Hao hawapokei simu." Akavuta pumzi. "Dada, hiyo fomu iko kwenye mtandao. Mtu yeyote anaweza kutangaza kifo. Hakuna sheria ya kwamba mzee mmoja hutangazwa mara moja tu. Mimi siandiki chochote, sibadilishi chochote. Wewe ujaze."

Kukawa na mlio wa kiti kinachovutwa. "Subiri," Lorna alisema. "Nachukua kalamu."

Jumatano ukurasa wa vifo ulifika kwa Rasik. Masahihisho ya Valentine yalikuja kwanza: gazeti liliandika kimakosa kwamba Delbert Kessler ameacha binti. Kisha kompyuta, kwa utiifu wake wote, ikaleta tanzia mpya. Lorna Kessler wa Oregon anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, Delbert, dereva wa basi namba nne. Ikaendelea mistari ishirini na miwili. Alitaja asubuhi alizokalia kiti cha nyuma ya dereva. Alitaja miaka tisa waliyonyamaziana, kwa jina lake kamili, bila kupaka rangi. Kisha akawataja watu wa kuarifiwa, wote waliowahi kupanda basi lile na kuambiwa wakae chini, popote walipo.

Rasik alivaa miwani, akavua, akaisafisha, akavaa. Nafasi kwenye safu zilikuwa mbili. Angeweza kuyapeleka masahihisho ukurasa wa tisa, chini ya matangazo ya matrekta. Akayaweka juu ya safu, na tanzia ya Lorna moja kwa moja chini yake, zikagusana.

"Zote mbili zimeingia kwa utaratibu," alisema, akiitazama kazi yake kama fundi wa kabati. "Mimi napanga tu."

"Mwaka wako na nusu, Rasik bhai."

"Mama, usinihesabie."

Ukurasa ukaenda kwa Valentine, maana hakuna kinachoenda mtamboni bila yeye kubonyeza neno idhini. Gaudensia alikaa na mikono mapajani. Alikuwa amejiandaa treni nzima, tangu Thornton Heath. Angeulizwa, angejibu. Aliyapanga maneno yake kama vyombo vya ugeni: kuhusu Dorothy, kuhusu barabara ya kusini, kuhusu mji unaodhani una gazeti. Kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa ameyasema yote, mbele ya watu, kwa Kiswahili safi na Kiingereza cha kutosha.

Kitone chekundu kwenye ukurasa kikageuka kijani. Rasik alitazama saa. Sekunde tisa.

Gaudensia aliinuka, akaenda mpaka mlango wa kioo. Valentine alikuwa na kurasa nyingine kumi na tano mbele yake, anazibonyeza mfululizo huku akila ndizi.

"Tolliver Creek umeipitisha?"

"Imeenda, Auntie. Asante kwa kuelewa."

"Uliisoma?"

"Iko sawa."

"Sikuulizi kama iko sawa. Nakuuliza uliisoma?"

Akainua uso, na usoni mwake hamkuwa na ubaya wowote. Pengine ndicho kilichomchoma Gaudensia zaidi. "Magazeti ishirini na sita, Auntie. Nani husoma?"

Alirudi mezani kwake. Rasik alikuwa amemsogezea kiti, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Umeshinda, mama."

"Nimemshinda nani?" Sauti yake ilipanda, na safari hii Rasik hakumwambia aipunguze. "Angeisoma akanifukuza, ningebeba mkoba wangu nikashuka ngazi na heshima yangu. Mji mzima umezikana na kulia na kugombana humo ndani, na yeye amekula ndizi. Nimeshinda kwa sababu hakuna mtu ndani ya nyumba."

Akaivuta kibodi. Kulikuwa na vifo vingine vitatu vya gazeti la wiki ijayo, vimeshaandikwa na kompyuta, sentensi tatu tatu. Akafungua cha kwanza, mwanamke wa miaka sabini, mfumaji. Akainua simu ya kampuni, mbele ya kioo cha meneja, akapiga namba ya wafiwa.